Lori Lililokwisha Toka

Tangu asubuhi Mama Pilipili alikuwa ameshika kiuno, na wenye akili zao walimpitia mbali. Lori lake, limebeba maziwa ya kinamama wote wa chama chao, lilikuwa limezimwa nyuma ya uzio wa forodha. Kibao kilisema: INJINI MARUFUKU, TUNATUNZA HEWA. Na injini ikinyamaza, jokofu la lori nalo linanyamaza.

Kisa? Tuzo! Nchi za ukanda ule zimelinganishwa: nani anapitisha mizigo upesi, nani anauza zaidi nje, nani hachafui hewa. Safari hii nchi yao imempiku jirani, na leo tuzo inakabidhiwa hapa hapa forodhani. Zulia jekundu likatandikwa mpaka kwenye kizuizi cha mpakani, na karani wa mihuri akapelekwa kupuliza maputo.

"Bwana mkubwa, maziwa hayajui tuzo. Lori langu linatoka lini?"

Mkuu wa forodha, ambaye tai ilimkaba mpaka macho yamemtoka, alitabasamu. "Mama, lori lako limeshatoka."

"Limetoka? Lile pale ni nini, mbuzi?"

"Likishavuka geti la yadi yetu, kwetu limetoka. Huko nyuma ya uzio hatuhesabu."

"Ala! Kumbe ushindi wenyewe ndio huo, kutuswaga nyuma ya uzio!"

"Punguza sauti, wageni hao wanakuja."

Mama Pilipili akapanda lori huku anatweta kwa hasira. Dereva, mtoto wa kaka yake, alikuwa anasinzia.

"Washa."

"Shangazi, kibao kinasema..."

"Kibao kinakunywa maziwa? Washa!"

Lori likakohoa moshi mweusi mbele ya meza kuu. Mgeni aliyeshika tuzo akageuka. "Lori gani lile? Si mlisema hakuna linalosubiri?"

Mkuu akalipa lori kisogo. "Lori lipi, mheshimiwa? Hakuna lori hapa."

Mlinzi alikuwa ameshakimbilia kizuizi. Mkuu akamkata jicho. Atazuiaje kitu ambacho hakipo? Mlinzi, maskini, akainua kizuizi. Lori likapita juu ya zulia, maputo yakilia pa! pa!, na Mama Pilipili akiwapungia mkono kama bibi harusi.

Ng'ambo, mnunuzi alichota maziwa kwa upawa, akaonja, akatema. "Mama, haya yamechachuka."

Mama Pilipili akaonja mwenyewe. Hakutukana. Hapo ndipo dereva alipoingiwa na hofu, maana matusi ya shangazi yake aliyazoea, kimya chake hakukizoea. Mama Pilipili aliwafikiria kinamama wa chama, waliokamua gizani, vidole vimekufa ganzi, sasa wamekaa wanamngoja yeye.

"Geuza."

"Tunarudi nyumbani?"

"Nyumbani kufanya nini? Sherehe haijaisha. Liingize kinyumenyume mpaka kwenye zulia lao, bomba la maziwa nitalifungua mwenyewe."

"Wakituzuia?"

Mama Pilipili akafunga kanga yake vizuri kiunoni.

"Wamzuie nani? Sisi si tumeshatoka?"