Majina Aliyohama Nayo Babu

Kazi yangu ni kuwatafuta waliouawa vitani zamani, kabla Uingereza haijawa nchi moja. Mifupa huoza, kwa hiyo nawatafuta kwa majina ya mahali. Shambani kwa Bi Thirza Ackroyd, huku Yorkshire, majina yalinitia wazimu wa furaha: Kivuko cha Jeshi, Konde la Mafuvu, Mteremko wa Mfalme. Yamefuatana kando ya kijito vilevile watawa wa kale walivyoandika juu ya vita ambavyo hakuna ajuaye vilipiganwa wapi.

Ila ardhi yenyewe ilikataa. Kivukoni hapafiki njia yoyote ya kale, na huo mteremko, ambao watawa waliuandika kuwa mkali, kondoo mzee anaupanda bila kuhema. Nilizunguka mvuani kutwa, kichwa kimevurugika. Kesho yake baraza lingeamua kama barabara mpya ipite hapo, na ripoti yangu ndiyo iliyokuwa kinga pekee ya mjane huyu.

Nilipoingia jikoni alinimiminia chai, akanikatia keki ya tangawizi na kuvicheka viatu vyangu. Nikamwambia sielewi, majina yanasema hivi, ardhi inasema vile. Akanituliza: majina ni ya kale kweli, babu wa marehemu mumewe alikuja nayo.

"Alikuja nayo kutoka wapi, mama?"

"Lancashire, mwanangu, ng'ambo ya milima. Mwenye ardhi aliwafukuza. Alipofika hapa akaliita kila konde jina la lile aliloliacha, ng'ombe wasijione wageni."

Alisema kwa fahari kabisa. Hakujua kwamba amejipalia makaa.

Nikaiweka keki chini, nikamweleza taratibu kwamba basi vita vilikuwa huko, si hapa, na baraza halitalinda shamba kwa majina ya kuhamia. Akauliza huko siku hizi kuna nini. Napajua, nikamwambia: duka la samani na maegesho ya magari, na hakuna anayekumbuka jina hata moja.

"Basi wale maiti hawana kwao tena ila kwangu," alisema. "Kaandike hivyo."

Nilikasirika, maana hoja hiyo si ya kisomi hata kidogo, ila niliondoka nayo kichwani. Baraza linakutana asubuhi hii. Wakiniuliza vita vilipiganwa wapi, nitawajibu. Wakiniuliza ni mahali gani pa kulindwa, sijui.