Baridi ya Chumba Namba Tano

Hoteli nzima ilikuwa na kiyoyozi kimoja tu, na Boniphace alikilinda kama mboni ya jicho. Alikileta kutoka Nairobi kupitia Sirari mwaka ule ule aliponunua hoteli kutoka shirika la umma, akakipachika kwenye dirisha moja la chumba namba tano. Alikizungusha mpaka baridi ya mwisho, akakichomoa kidude cha kuzungushia na kukitia mfukoni. Juu ya swichi ukutani akabandika plasta na kuandika kwa kalamu nene: USIZIME. Dirisha la pili, lile linalotazama ziwa, akalipigilia misumari ili baridi isitoroke.

Hyasinta, msimamizi wa vyumba, hakumcheka. Alikuwamo humo tangu miaka ya uhaba, alipofua mashuka kwa majani ya mpapai kwa sababu sabuni haikuonekana, na balbu zilikaguliwa kabla mgeni hajaondoka. Aliyeishi miaka ile anajua: kitu kikipatikana, kifungie. Lakini huu ulikuwa mwezi wa saba, kipupwe, na Musoma ya mwezi wa saba haina haja ya baridi ya kununua.

Jumatatu akaingia Bwana Magesa, mkuu wa kampuni mpya ya kununua pamba, mtu wa suti na tumbo, kutoka Dar es Salaam. Kampuni ilitaka vyumba kumi kwa msimu mzima, naye alikuja kuonja kwanza.

"Kiyoyozi kipo?" aliuliza pale mapokezi, sauti ikafika mpaka jikoni. "Mimi bila kiyoyozi silali."

"Kipo, Mzee," Boniphace akajibu. "Utasema uko Ulaya."

Jumatano asubuhi Magesa alikuja kunywa chai, sauti imemkauka.

"Umelalaje, Mzee?" aliuliza Dafroza, mpishi.

"Vizuri. Vizuri sana." Akakohoa mpaka kijiko kikalia kwenye kisahani. Alipomaliza chai akaaga: jioni angechukua begi lake ahamie nyumba ya wageni ya masista, awe karibu na misa. Akapanda gari kwenda Bunda kutazama vinu vya pamba.

"Misa!" Boniphace alilipuka gari lilipotoka. "Jana kanywa bia sita, leo misa? Baridi haijamtosha, basi! Watu wa Dar wameizoea. Leo naongeza na feni." Akamgeukia Hyasinta. "Au ni mashuka yako. Magesa akihama, vyumba kumi vimehama, na wewe utarudi kwenu Bugwema ukalime mihogo."

"Mihogo ya Bugwema inastawi bila mimi, Bosi. Ngoja kwanza nikaangalie chumba."

Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa, na wakubwa hawatandiki. Hyasinta akalipapasa godoro. Pembe moja ilikuwa mbichi. Akalinusa: sabuni ya kuogea. Pazia lilikuwa limetunguliwa na kurudishwa kwa haraka, limekunjamana kama shuka la mtu mwenye homa. Akafungua bafu. Sakafuni, pale mlangoni, taulo lilikuwa limesokotwa na kuziba upenyo wa chini.

Akamwita Dafroza. "Mzee amelala bafuni."

"Yesu wangu!" Dafroza aliziba mdomo, kicheko kikatokea puani. "Amejifungia mashine isimfuate! Sasa si angesema?"

"Aseme nini, na alishatangaza mapokezi?"

"Na wala si mtu wa Dar huyo. Kwao Nyamuswa, baba yake nilikuwaga namfahamu. Amekua analala kando ya moto na ndama."

Kwao Hyasinta mgeni haulizwi kama ana njaa. Ukimuuliza, umemlazimisha kusema hapana. Unamwekea chakula, unamnawisha, unazungumza habari za mvua. Basi na huyu asingeulizwa kama alisikia baridi.

Akabandua plasta, akazima mashine. Akatwaa nyundo ya jikoni akaing'oa misumari mmoja mmoja. Upepo wa ziwa ukaingia na harufu ya maji na dagaa. Boniphace akaja mbio.

"Umezima! Fundi alisema isizimwe!"

"Fundi hakulala humu. Shika hapa." Akauweka mkono wa bosi wake kwenye pembe mbichi ya godoro, kisha akamwonyesha lile taulo. "Ulaya yako imempeleka mzee wa watu chooni. Leo niachie mimi. Akihama, nami nahama naye, hutapata taabu ya kunifukuza."

Boniphace alitazama godoro, akatazama bafu. "Na feni?"

"Kapepee nayo nyumbani kwako."

Saa kumi na moja jioni Magesa akaja kuchukua begi. Hyasinta alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, Mzee. Tuna aibu kubwa. Mashine tumeipumzisha, na wewe bila kiyoyozi hulali. Lakini kama utatuvumilia leo tu, dirisha tumelifungua, blanketi la pili lipo kitandani, na Dafroza amechemsha tangawizi."

Magesa alikunja uso. "Hoteli gani hii? Mtu anataka baridi, mnampa dirisha!" Lakini begi alishaliweka chini. "Tangawizi yenyewe ina asali?"

"Ya Butiama, Mzee."

"Haya. Nitavumilia. Kwa ajili yenu."

Kesho yake Dafroza alipasha chai mara mbili. Saa tatu na nusu ndipo Magesa akatokea, mikunjo ya mto imejichora shavuni, sauti imerudi nzima.

"Mashine yenu imepona?"

"Bado, Mzee," alisema Hyasinta. "Vipuri ni vya Nairobi."

"Wasiharakishe." Akavuta kiti, akamega chapati. "Boniphace, tuandikie vile vyumba kumi. Hicho cha tano ni changu. Na madirisha yote yafunguke, vijana wangu si samaki wa kugandishwa."

Alipoondoka, Boniphace alibaki akipekua mfuko wa suruali. Hyasinta alinyoosha kiganja. Kile kidude kikatua humo, bado kina joto la paja la mwenye hoteli, naye akakifunga kwenye mshipi wa aproni pamoja na funguo zake.