Ziara ya Mwisho kwa Kina Tibbs

Mvua ya Tukuyu haina adabu, inapiga bati la duka mpaka redio haisikiki, na Ambakisye, mwenye duka la fotokopi, anaegemeza kichwa mkononi mbele ya kompyuta na kujidanganya kwamba anafumba macho tu. Ni saa nane mchana. Saa kumi usajili unafungwa, na safari hii ukifungwa umefungwa moja kwa moja, kwa sababu wenye mchezo wametangaza kwamba huu ndio msimu wa mwisho. Ni mchezo wa mtandaoni wa mpira wa kikapu wa vyuo. Mpira wenyewe hauonekani, ni majina na namba tu, na kila mchezaji ni kocha wa chuo cha kubuni huko Marekani ambako hajawahi kukanyaga. Miaka kumi na sita Ambakisye ni kocha wa Chuo cha Kestrel, na mkewe Atupele ameuzoea mchezo huo kiasi cha kuuita mke mwenzangu. Leo amebakiwa na pointi ishirini, yaani ziara moja ya nyumbani kwa mchezaji, na kijana mmoja wa kumsajili, Leroy Tibbs, anayetupa kutoka mbali na kupachika. Akimpata huyo, kombe la mwisho ni lake, na hakuna atakayemnyang'anya tena milele. Vyuo viwili tu vinamtaka Leroy: Kestrel, na Marlow. Marlow haina kocha mwaka wa kumi na mbili sasa, inajiendesha kwa kompyuta kama nyumba ambayo mwenyewe amehama na taa akaisahau inawaka. Ambakisye anajua ni nani aliyehama. Anapeleka kidole kwenye kitufe cha ziara, anakirudisha, anakipeleka tena, macho yanakuwa mazito.

Anainuka kufunga mlango mvua isimlowanishie karatasi, anavuka kizingiti, na nje hakuna mvua. Kuna barabara pana iliyonyooka isiyo na mwisho, na theluji inaanguka, na kwa kuwa hajawahi kuiona theluji, inaanguka kama unga mashineni, inamkaa mabegani na haina baridi yoyote. Amevaa suti aliyoolea. Anatembea, na barabara inatembea naye, na mji unamjia badala ya yeye kuuendea, na mji wenyewe ni wa Marekani lakini nyumba ni zilezile za mtaani kwao Bulyaga, bati na maua ya mlangoni, maana huo ndio mji anaoujua, upande wa kulia nyumba na upande wa kushoto nyumba hizohizo zimegeuzwa kama kwenye kioo, mpaka yeye mwenyewe anajiona ng'ambo ya pili akitembea na suti yake, ila yule wa ng'ambo anatazama chini. Njiani amesimama mtu mrefu mwenye jezi, asiye na uso. Ambakisye hashtuki. Katika mchezo wachezaji wote wako hivyo, mahali pa picha pana kivuli cha kichwa na mabega, basi. Ugonile, kocha, anamsalimu yule mtu kwa Kinyakyusa. Ugonile, anajibu Ambakisye, naitafuta nyumba ya kina Tibbs. Kitendawili, anasema yule mtu. Nina haraka, ndugu yangu, saa kumi wanafunga. Kitendawili, anarudia yule mtu, na sauti yake haina haraka hata kidogo. Haya, tega. Nilimpa mwenzangu kitu akifiche, akakivaa hadharani. Ambakisye anahisi kola inambana. Jibu analijua, liko kwenye ncha ya ulimi, na ndiyo maana anaubana ulimi. Sijui, anasema. Basi nipe mji. Chukua huuhuu, anasema Ambakisye upesi, kama mtoto anayetaka mchezo uendelee, na mji unaondoka, nyumba za kulia zinaingia katika za kushoto, inabaki theluji na barabara.

Anatembea tena, na mji mwingine unakuja, na huu anautambua kabla haujafika, ni Uyole ya zamani, na pale kona ni ile kafe ya intaneti yenye pazia la kijani, na kupitia dirishani anaona stuli mbili mbele ya mashine moja. Hapo ndipo alipokaa na Gwakisa, mtoto wa mfanyabiashara wa viazi, Jumamosi baada ya Jumamosi, mmoja anaendesha Kestrel na mwingine Marlow, wakipokezana kipanya. Gwakisa alikuja na kauntabuku iliyojaa majina ya wachezaji. Usajili ni posa, kaka, alikuwa akisema, usikimbilie binti mwenye wachumba kumi, utamaliza pointi zako kwenye barua na simu, mwisho wa siku huna mke wala nauli. Mtafute ambaye hajabishiwa hodi. Mwandikie barua, barua ni pointi moja tu. Mpigie simu kila wiki asikusahau. Ziara za nyumbani ficha mpaka siku ya mwisho, wakubwa wakishachoshana, ndipo unaingia na suti yako. Vita vya panzi, furaha ya kunguru! Na walicheka mpaka mwenye kafe akawatishia kuwatoa. Walikuwa na sheria moja tu, ile ya posa yenyewe: pale mwenzako alipopeleka barua, wewe hubishi hodi. Ambakisye anasogea dirishani, anataka kuingia, akae kwenye ile stuli dakika moja tu, dakika moja, asikie kile kicheko. Yule mtu asiye na uso amesimama mlangoni. Nilimpa mwenzangu kitu akifiche, anasema, akakivaa hadharani. Ambakisye anamwomba, nitegee kingine. Sina kingine. Hicho kimoja ndicho kilichokuleta. Sijui, anasema Ambakisye. Basi nipe mji. Anatazama pazia la kijani, anatazama stuli, anafumba macho. Chukua. Anapoyafumbua hakuna Uyole, hakuna kafe, na anajiona mjinga, kwa sababu ametoa alichokipenda ili asiseme neno moja.

Mji wa tatu ni Tukuyu. Mvua hiyo, bati hilo, na kwa mbali Atupele anapita na mwavuli, anamwita mtu ambaye Ambakisye hamwoni. Nilimpa mwenzangu kitu, anaanza yule mtu. Huu sikupi, anasema Ambakisye, huu una mke wangu. Basi jibu. Na Ambakisye anasimama kati ya barabara na suti yake ya harusi, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, machozi yanamtoka. Siri, anasema. Jibu ni siri. Gwakisa alinionyesha kwenye kauntabuku yake jina la Curtis Tibbs, nyota mbili, hakuna chuo kilichokuwa kimemwona. Aliniambia mimi peke yangu. Alikuwa ameshapeleka barua sita. Siku ya mwisho alikwenda kumsaidia baba yake kupakia viazi, nami nikafanya ziara tatu kwa mkupuo, nikamchukua, nikabeba kombe. Alipoona hakugomba. Alisema, hongera, kocha, akafunga kauntabuku. Sikumwona tena pale. Nilisikia yuko Sumbawanga. Namba yake ninayo, sijawahi kupiga. Yule mtu anainamisha kichwa kisicho na uso, anasogea pembeni, na nyuma yake kuna mlango aliokuwa ameukinga.

Sebuleni kuna chai. Mama Tibbs amekaa kwenye kochi lenye vitambaa, na mwanawe Leroy amekaa karibu naye, mdogo wa yule Curtis, naye pia hana uso, na anayemimina chai ni Gwakisa. Yeye ana uso. Ana uso uleule, umeongezeka mvi za kidevuni. Haya, kocha, anasema mama, wote huja na ahadi hapa, wewe unamwahidi nini mwanangu? Ambakisye ana pointi ishirini mfukoni, anazisikia zikigongana, na anajua la kusema, amelisema mara mia: utaanza kila mechi, utavaa pete ya ubingwa. Anazitoa, anaziweka mezani. Nimekuja kujiondoa, mama, anasema. Barua ya kwanza kuingia nyumba hii ilitoka Marlow. Mpeleke Marlow. Gwakisa anamsukumia kikombe. Kunywa, anasema, sukari mbili, au umebadilika? Ambakisye anashika kikombe, kina moto kweli, anapiga funda moja, na anataka kusema lile neno alilolibeba miaka kumi na miwili. Anafungua kinywa. Gwakisa, anasema, na bati linaanza kupiga kelele.

Yuko dukani, shavu limegandamana na karatasi. Mvua inaendelea kama vile haikukatika. Saa ya ukutani ni kumi na dakika tatu. Usajili umefungwa. Anatikisa kipanya, kioo kinawaka, na kwenye ukurasa wa Kestrel kuna mistari miwili: saa tisa na dakika arobaini, kocha amejiondoa; saa kumi kamili, Leroy Tibbs, Marlow. Hakumbuki kubonyeza. Mkono ulikuwa juu ya kipanya, labda ulibonyeza wenyewe, labda. Kombe limekwenda, na anangoja limuume, haliumi. Kisha anaona kialama chekundu cha ujumbe. Ni kutoka kwa kocha wa Marlow. Marlow haina kocha. Anafungua, na mdomoni mwake, yeye ambaye tangu asubuhi hajaonja kitu, kuna utamu wa sukari.

Ugonile, kocha. Umeondoka chai hujamaliza.

Ambakisye anageuka kutazama mlangoni, na mlango uko wazi, na nje kuna weupe ambao huenda ni ukungu. Hatoki kuuhakikisha. Anavuta kibodi karibu, anaanza kuandika kwa vidole viwili, polepole, asikosee herufi: Gwakisa, kaka yangu, nisamehe. Na kama bado amelala, anaomba asitokee mteja wa kumwamsha kabla hajautuma ujumbe huo.