Kipande cha Daktari

Rogath Mbwambo alipopanda kijijini mara ya kwanza, mwaka wa elfu mbili na nne, alileta simu ishirini na tatu, mpya, kila moja ndani ya boksi lake, na ndani ya kila boksi chaja. Kijiji hakikuwa na umeme. Nguzo zilikuwa zimeishia chini kabisa, mjini Same, na hazikuonyesha dalili yoyote ya kupanda mlima. Wazee wakazipokea simu kwa mikono miwili, wakashukuru, kisha wakazitundika chaja kwenye misumari ukutani, karibu na kalenda za kanisa. Hakuna aliyemuuliza mgeni swali. Kumuuliza kungekuwa kumuaibisha, na mtu mwenyewe alikuwa amesoma sana.

Kwamba amesoma sana walilisikia kwake. Huo ulikuwa mwaka wake wa tano akisomea shahada ya uzamivu ya vyombo vya habari vya kidijitali, katika chuo kimoja cha ng'ambo, na katika miaka hiyo mitano alikuwa amepata wazo moja. Wazo lenyewe lilisema kwamba ujumbe wa simu unaweza kuchukua nafasi ya baragumu la msaragambo, pembe inayowaita watu kwenye kazi ya pamoja ya kijiji. Kwa sababu ya wazo hilo chuo kilimpa tiketi ya ndege, kompyuta ya kubeba mkononi, kamera, na viatu vya kupandia mlima ambavyo vilikuwa vizuri kuliko barabara yetu yote. Wazazi wake walikuwa Wapare, yeye alikulia Dar es Salaam. Chasu, lugha yao, hakukijua kupita salamu, lakini alipozungumziwa kwa Chasu alitikisa kichwa polepole na kuandika kitu kwenye daftari. Wazee waliona, wakaanza kumwambia mambo ya ajabu ili wamuone akiandika.

Msaidizi wake wa utafiti alikuwa Lydia. Zamani kijana aliyehitimu chuo alipangiwa kazi kabla hajafika kwao. Lydia alihitimu maendeleo ya jamii baada ya zamani hiyo kwisha, akarudi nyumbani kwa mama yake na cheti ndani ya bahasha. Alikuwa binti wa kuzungumza na vidole vyake vya miguu. Kazi aliyopewa na Rogath ilikuwa kujaza fomu za maswali arobaini na mawili, nyumba kwa nyumba. Kazi aliyopewa na kijiji ilikuwa nyingine: kila Alhamisi, siku ya soko, alikusanya simu zote ishirini na tatu ndani ya kikapu, akazifunika kwa kanga, akashuka nazo Same kuzichaji. Alizifunika kwa sababu kila mwenye simu alikuwa amemwekea Rogath sahihi kwamba ataiacha simu yake wazi saa zote, mchana na usiku. Watu wa mlimani wakiweka sahihi hawapendi kuonekana wameivunja.

Msaragambo wa mwezi ule ulikuwa wa ndiva. Ndiva yetu ni bwawa la udongo na mawe lililochimbwa na mababu juu ya mashamba. Maji ya kijito huingia usiku, asubuhi mlango unazibuliwa, kila shamba linapata kwa zamu. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha na ndiva imejaa tope karibu nusu. Shamba la mama yake Lydia lilikuwa la mwisho kwenye mfereji, mahali ambapo maji hufika tu ndiva ikiwa safi na yenye kina. Maharage yake yalikuwa yameanza kutoa maua. Tope lisipotolewa wiki ile, maua yangekauka, na nyumba ile haikuwa na kitu kingine cha kula hadi vuli.

Kwenye mkutano wa kijiji Rogath aliomba kwamba safari hii baragumu lisipigwe kabisa. Watu wangeitwa kwa ujumbe tu, na siku ya kuutuma angeijua yeye peke yake, ili matokeo yasichafuke. Mwenyekiti, Mzee Zefania, alikuwa ameahidiwa kompyuta ya ofisi ya kijiji, ofisi ambayo haikuwa na mlango, na akaona ombi hilo ni la maendeleo. Mzee Anaeli, mpigaji wa baragumu, ambaye aliirithi kwa baba yake pembe ile ya tandala na kuipiga miaka thelathini na minne, aliuliza jambo moja tu. Alitaka kujua yule asiye na simu ataitwa na nani. Rogath akamjibu kwa upole, kama mtu anayemjibu mgonjwa, kwamba taarifa husambaa yenyewe ndani ya mtandao wa jamii. Mzee Anaeli akasema amefurahi kusikia, akakaa.

Alhamisi iliyofuata, saa saba mchana, Lydia alikuwa kwenye kibanda cha Hamdani karibu na stendi ya Same. Hamdani alikuwa mtu wa Tanga aliyefuata kazi kwenye shamba la mkonge, na shamba lilipouzwa akapunguzwa yeye na wenzake wote; sasa aliishi kwa ubao mmoja wenye soketi nyingi. Simu za kijiji zilikuwa zimepangwa juu ya ubao huo kama dagaa juani. Ghafla moja ikalia. Ikalia ya pili, ikafuata ya tatu, kisha zote kwa pamoja zikawa zinalia na kutetemeka na kusogeleana, mpaka mbili zikaanguka chini.

"Dada Lydia," akasema Hamdani, "kijiji chenu chote kinaitwa hapa kibandani kwangu. Nikiambie kimetoka?"

Lydia akaokota moja, akasoma. Kesho Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, msaragambo wa ndiva, njoo na jembe. Kwenye ubao ule simu zilijaa polepole, na gari la kuzipandisha mlimani lingekuja Ijumaa jioni, baada ya saa ya kazi kupita.

Akaenda mbio hadi gesti aliyofikia Rogath, ambayo ilikuwa mtaa wa pili kutoka pale. Ujumbe ulikuwa umesafiri mitaa miwili. Alimkuta mezani mbele ya kompyuta, anang'aa uso: mtambo wake ulikuwa unamwonyesha kwamba ujumbe ishirini na tatu umetumwa na ishirini na tatu umepokelewa. Lydia akafungua mdomo. Rogath akainua kidole.

"Usiniambie chochote," akasema. "Wewe ni mwenyeji wa kule. Ukiniambia neno lolote sasa hivi, unachafua matokeo."

"Kaka Rogath, ni kuhusu simu."

"Hasa hilo."

Mtu mwingine angelisema hata hivyo. Lydia alikuwa Lydia. Akaomba samahani kwa kusumbua, akarudisha mlango taratibu.

Njia nzima ya kurudi alijihesabia nyumba. Zilikuwa themanini na zaidi, zimetawanyika migongo minne ya mlima, na jua lilikuwa linaelekea kuzama. Alipofika juu hakwenda kwao. Alikwenda kwa Mzee Anaeli, akamkuta nje anamenya ndizi, baragumu limening'inia mlangoni nyuma yake. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa, akamweleza yote huku akiyatazama maganda.

Mzee Anaeli alicheka hadi akakiweka kisu chini. Akataka arudiwe pale simu zilipoanguka. Kisha uso wake ukakunjamana. Alisema yeye ameambiwa mbele ya mkutano akae kimya, naye amekaa. Wenye elimu wamesema watu watakuja. Acha waje.

"Babu, maharage ya mama yametoa maua."

"Najua. Yangu pia." Akaokota ndizi nyingine. "Mwenyekiti amenizuia. Sasa nikipiga, nitasema nimepiga kwa amri ya nani?"

Lydia alitazama vidole vyake vya miguu.

"Kwa amri yangu," akasema.

Mzee alimtazama binti huyo ambaye kanisani hata kuimba huimba kwa kunong'ona. Aliendelea kumenya, naye Lydia akaondoka bila kujua amekubaliwa au amefukuzwa. Usiku ule hakulala vizuri. Lakini kabla hakujapambazuka sawasawa baragumu lililia kutoka kwenye jiwe la juu, mara tatu, sauti nene inayoingia hata chini ya blanketi, na kila nyumba ikasikika ikifungua mlango.

Walikuja watu sitini na mmoja. Kwa desturi yetu tope la ndiva hugawanywa vipande, kila mtu na kipande chake, na asiyefika haadhibiwi: kipande chake huachwa kama kilivyo, katikati ya vilivyosafishwa, kila apitaye akione. Hadi saa tatu nusu ya kazi ilikuwa imekwisha, na ndipo Rogath alipofika na gari la kukodi. Aliwaona watu wamejaa ndani ya ndiva, akashika kichwa kwa furaha. Akatoa kamera.

Mzee Zefania alikuwa amekwisha kupita kwa kila mtu, akinong'ona kwamba mgeni asifedheheshwe, na kwamba kompyuta iko njiani. Basi Rogath alipowauliza mmoja mmoja wameitwa na nini, walijibu simu. Walijibu simu hata ambao hawajawahi kushika simu. Bibi mmoja alijibu simu kwa Chasu, kisha akaongeza maelezo marefu kuhusu mama aliyemzaa Rogath na alikokosea, na Rogath akatikisa kichwa, akaandika. Lydia alisimama na tope magotini, akitafuta mahali pa kuweka macho. Rogath hakushika jembe. Alikuwa na kazi nyingi za kuwapiga picha walioshika.

Wiki mbili baadaye, Alhamisi, aliitisha mkutano uwanja wa shule, ambako mtandao hushika vizuri, ili awape wanakijiji matokeo yao. Lydia alikuja na kikapu, kwani gari la soko lingepita pale pale. Akakisukuma chini ya benchi.

Rogath aliongea saa nzima. Alisema kijiji hiki kimeruka hatua ambazo Ulaya ilizipanda kwa miaka mia mbili. Aliyataja maneno kadhaa ambayo hayakuwa ya Kiswahili wala ya Chasu, na nadhani hata Kiingereza hakikuwa na hakika nayo. Mwisho akafika alipokuwa anapaelekea. Kwa kuwa baragumu sasa limemaliza kazi yake, chuo chake kiko tayari kulihifadhi, ndani ya kabati la kioo, na jina la kijiji litaandikwa chini yake. Mzee Zefania akapiga makofi wa kwanza. Akatangaza kwamba kuanzia msaragambo ujao wataita kwa simu tu, na akamwomba Mzee Anaeli alete pembe mbele.

Mzee Anaeli akainuka nayo. Alitembea kama mtu anayepeleka mbuzi wake mnadani. Lydia aliona vichwa vikiinama kila upande, watu sitini wanaojua, kila mmoja anamngoja mwenzake, na akaona msimu ujao: ndiva imezibwa na tope, simu ziko kwa Hamdani, na mama yake amesimama kwenye mfereji mkavu.

"Na sasa," akasema Rogath, "tuonyeshane kwa vitendo. Simu zenu ziko wazi?" Akabonyeza.

Chini ya benchi kikapu kikalia. Si chote. Simu nne zililia kwa sauti za vifaranga, moja ikakata roho katikati. Nyingine kumi na tisa zilikuwa zimekwisha chaji tangu Jumapili. Rogath alitazama mfukoni mwa mtu wa kwanza, akatazama wa pili, kisha akafuata sauti kwa macho hadi kwenye kanga.

Lydia akasimama. Akakiinua kikapu, akakiweka mezani mbele ya kompyuta, akaifunua kanga.

"Siku ile pia zilikuwa humu," akasema. Sauti ilimtoka ndogo, lakini uwanja ulikuwa umenyamaza. "Zote zilikuwa Same, kwa Hamdani. Watu waliitwa na babu Anaeli. Mimi ndiye niliyemtuma."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuja gesti, kaka. Ukaniinulia kidole."

Aliyeanza kucheka alikuwa yule bibi. Baada yake haikuwezekana tena kumzuia mtu. Mzee Zefania alijitahidi kubaki na uso wa kiserikali, akashindwa, akajifuta macho kwa kofia. Mzee Anaeli alikuwa amefika mezani. Akageuka na pembe yake kwapani, akarudi alikotoka, na safari hii alitembea kwa haraka zaidi.

Maji yalifika shambani kwa mama yake Lydia hadi maharage yakakomaa. Kompyuta haikuja. Mwaka uliofuata ikaja bahasha kutoka ng'ambo, na ndani yake sura moja ya tasnifu ya Daktari Rogath Mbwambo, maana alifaulu, na kwa sifa. Sura nzima ilikuwa juu ya kikapu. Kilichorwa kwa duara na mishale, kikapewa jina refu kuliko mfereji wetu. Lydia alikuwemo: aliitwa Mshiriki wa Saba. Baragumu lilitajwa mara moja, chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo.

Lydia alimsomea Mzee Anaeli yote, akimtafsiria. Mzee alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akauliza kama mtu huyo amepanga kurudi kumalizia kazi yake. Lydia hakuelewa kazi gani.

"Tope," akasema mzee. "Alifika saa tatu, hakushika jembe. Tulimwachia kipande."

Kipo hadi leo, kona ya chini karibu na mlango wa ndiva, na kila mwaka hukisafisha yule aliyechelewa kuliko wote. Hakuna anayependa kukipata. Kinaitwa kipande cha daktari.