Marehemu Aliyekataa Kutaja Majina

Mbelu alikuwa anasonga bukari nyuma ya nyumba yake, mtaa wa Manika mjini Kolwezi, Mmarekani mmoja alipotoka kwenye shimo la jirani. Jirani huyo, Tata Ngoyi, alikuwa anachimba kobalti chini ya jiko lake tangu mvua za mwaka uliopita, kwa hiyo mtu kutoka ardhini halikuwa jambo la kuwashangaza watu mtaani. Tofauti ya huyu ni kwamba alivaa suti ya kizamani, na alikuwa marehemu. Vumbi la kijani la shaba lilikuwa limemjaa hadi kwenye nyusi. Alijipangusa, akavuka hadi uani kwa Mbelu, akapiga hodi ukutani.

"Jambo, mama. Mi njo Orville Lindquist. Natafuta mutoto ya mutoto yangu."

"Karibu, tata. Ulikufaka lini?"

"Zamani kidogo. Lakini chini njia iko muzuri. Inapita kwa uzuri ile barabara ya mashimo ya Musumba."

"Njia yote inapita ile ya Musumba," Mbelu alisema, akamsogezea maji ya kunawa.

Kiswahili mzee huyo alikuwa amejifunza huko huko chini, kwa wachimbaji waliofukiwa ambao hakuna aliyewahi kwenda kuwatoa. Alikula vizuri kwa mtu wa hali yake. Sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, aliiongeza mara mbili. Aliposhiba alimtaja mjukuu wake: Beth, aliyekuja Kolwezi kufanya kazi kwenye kampuni ya Wamarekani.

Mbelu aliweka kijiko chini. Madame Beth ndiye mkuu wa usalama wa kampuni hiyo, na asubuhi ile ile alikuwa amemwita ofisini.

Mbelu alikuwa mkalimani. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kwa treni kuja kufanya kazi ya migodi. Yeye alikulia Kolwezi, akauza chaja na simu dukani kwa Wachina mpaka lugha yao ikamwingia. Kampuni ilimwajiri kwa Kichina hicho, na kwa muda mrefu kila mtu alifurahi nacho. Kisha hofu ikaja kutoka Marekani, kama mafua yanavyokuja na wageni. Ilisemekana wakomunisti huenda wameshaingia ndani ya kampuni. Madame Beth akaanza kuwaita wafanyakazi mmoja mmoja na kuwauliza kwa upole: je, wewe ni mkomunisti, au uliwahi kuwa, na kama siyo wewe, ni nani?

Wafanyakazi wakaacha kuvaa nguo nyekundu. Mama Ernestine wa jikoni akatoa nyanya kwenye mchuzi, na mchuzi ukawa na sura ya mtu aliyeamka vibaya. Gael, dereva, aliyezoea kucheza ping-pong na Wachina kila Jumamosi, akaficha raketi yake ndani ya mfuko wa unga. Mbelu aliiona. Na Madame Beth alikuwa amemwambia kwamba angetosheka na jina moja tu, kesho.

"Mi niliulizwaka vile vile," marehemu alisema.

Alikuwa mwalimu wa hesabu katika mji mdogo wa Ohio. Wakati wa hofu kubwa, enzi za ujana wake, wachunguzi wa serikali walimwita wakataka majina ya marafiki waliowahi kukaa naye kwenye mkutano mmoja. Alikataa. Shule ikamfukuza, kanisa likampa benchi la nyuma, na mpaka anakufa aliuza mafagio nyumba kwa nyumba.

"Na ulikuwa komunisti, tata?"

"Hapana. Nilifwataka mwanamuke moja kwa ule mukutano. Keki pia ilikuwa muzuri."

Asubuhi walipanda taxi-moto moja, pikipiki ya abiria, Mbelu katikati, marehemu nyuma ameshika kofia yake. Mlangoni mwa kampuni mlinzi, Tshibangu, alimtazama mzee yule kwa makini.

"Huyu iko mufu?"

"Iko mufu," Mbelu alisema.

"Hata mufu anavaaka casque humu ndani." Akamwazima kofia ngumu ya kwake.

Madame Beth alimtambua babu yake kwa umbo la masikio. Alitoka nyuma ya meza, akamkumbatia, blauzi yake ikageuka kijani. Walizungumza Kiingereza, na Mbelu, aliyekielewa, alibaki amesimama.

"Mama alisema uliacha kufundisha kwa sababu ya mapafu."

"Mapafu yangu yalikuwa mazima," alijibu mzee. Akamweleza. Akamwambia pia kwamba katiba yao ilimpa mtu ruhusa ya kuamini anachotaka, na ya kunyamaza asipotaka kujisema, na kwamba siku ile ya kuhojiwa katiba hiyo ilikuwa imetundikwa ukutani, ndani ya fremu nzuri, nyuma ya kichwa cha bwana aliyekuwa akimhoji.

Madame Beth alilia. Alisema lile lilikuwa kosa kubwa, na alimaanisha. Kisha akapangusa macho, akarudi nyuma ya meza.

"Sasa, babu, kwa kuwa umeingia eneo la kampuni, ni lazima nikuulize. Je, wewe ni, au uliwahi kuwa..."

"Beth, nimekufa."

"Utaratibu hausemi kitu juu ya waliokufa."

Mzee akafunga mdomo, akakunja mikono. Ilionekana alikuwa na mazoezi.

Madame Beth akamgeukia Mbelu. Mbelu alimwona Gael akilini, na mkewe Micheline mwenye mimba. Alifikiri jinsi jina lenyewe lilivyo fupi. Lingetoka, naye angekula mchana kama kawaida.

"Jina niko nalo," alisema. "Mbelu. Andika hilo."

"Lakini najua wewe siyo mkomunisti."

"Basi kwa nini unaniuliza?"

"Kwa sababu mkomunisti naye angejibu hivyo hivyo."

"Na haki yake ya kunyamaza?" aliuliza babu.

"Haki hiyo haifiki Kolwezi, babu."

"Mwaka ule hata Ohio haikufika."

Mbelu alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Alipopita uwanjani, Gael aliinama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa, akaendelea kuzifunga mpaka Mbelu alipopita. Hilo lilimuuma kuliko kazi.

Alikwenda kutafuta kazi kwenye ghala la Mchina mmoja anayenunua shaba, karibu na barabara ya Kingamyambo. Bosi alikisifu Kichina chake, akamkaribisha chai, kisha akauliza kama aliwahi kufanya kazi kwa Wamarekani. Mbelu akakunja mikono, akanyamaza. Bosi akaona unyamavu huo ni wa mtu aliyefundishwa na Wamarekani, akamnyima kazi. Siku hizi Mbelu anauza samaki wakavu sokoni, na anatafsiri pale wanunuzi wanapogombana.

Tata Orville alibaki kwa Mbelu. Jioni anawafundisha hesabu watoto wa mtaa, na wazazi wanamsifu kwa kuwa halewi.

Jumapili, baada ya ibada, Madame Beth huja kumwona. Haingii uani, kwa sababu utaratibu alioutia sahihi yeye mwenyewe unakataza mfanyakazi kuingia nyumba ya mtu anayeshukiwa. Husimama barabarani na viatu vyake vya kanisani, na babu humpitishia sahani juu ya ukuta.

"Wiki hii umemuuliza nani?" mzee humuuliza.

Naye humtajia wote, kwa kuwa hawezi kumficha babu yake kitu, na kwa kila jina sauti yake huzidi kushuka. Juzi alimtaja Gael. Mzee alimshika mkono juu ya ukuta, pikipiki zikipita. Kisha Madame Beth akasema sombe imepikwa vizuri, babu amshukuru Mbelu kwa niaba yake, ila asiseme ni nani aliyeshukuru. Akarudisha sahani, akaondoka mapema, kwa sababu Jumatatu saa mbili Tshibangu, mlinzi wa mlangoni, alikuwa ameitwa ofisini kwake kueleza ile kofia ngumu alimwazima nani.