Vivuli vya Kiwanda cha Magunia

Nyamvula alitandika boksi lililopasuliwa juu ya kinyesi cha njiwa, akasimamisha stendi ya kamera katikati ya kiwanda cha magunia kilichofungwa, kule Changamwe. Alipenda kupiga picha majengo yaliyoachwa, na hili alikuwa amelitamani muda mrefu. Jua la asubuhi lilipenya matundu ya mabati, likaangukia sakafu tupu. Vyerehani vilishauzwa zamani kama vyuma chakavu. Ukutani, vivuli vya wafanyakazi vilikuwa vimeketi safu kwa safu, vikishona.

"Hivyo visikushughulishe," alisema Nguma, mlinzi wa jengo, huku akimenya chungwa. "Haviibi, wala havichafui."

"Vitatikisika kwenye picha."

"Viombe vitulie."

Nyamvula akaviomba. Vikatulia, isipokuwa kimoja kilichoinua mkono kwanza kikaweka kilemba sawa. Hicho alikitambua papo hapo. Kilikuwa cha shangazi yake, Pascalia.

Pascalia aliishi bila kivuli tangu kiwanda kifungwe, na majirani zake wa Utange walishamzoea. Harusini walimsimamisha nyuma ya watu wanene ili wageni wasianze maswali, basi.

Jioni ile Nyamvula akampelekea kamera.

"Shikamoo, shangazi. Hebu tazama."

"Marahaba, mwanangu." Pascalia akaisogeza karibu na macho. "Ala! Kumbe kiko kazini! Nami miaka yote nadhani nimekiangusha ferini." Kisha akagusa kioo kwa kidole. "Ona mgongo wangu ulivyokuwa umenyooka."

Kesho yake wakaenda pamoja. Pascalia akakisimamia kivuli chake, mikono kiunoni.

"Haya, kazi imekwisha. Twende nyumbani."

Kivuli kikageuka, kikaelekeza kidole kwenye king'ora kilichofungwa juu ya mlango. Hapo Pascalia akaelewa. Siku ile ya mwisho msimamizi aliwaambia waende makwao, wangoje kuitwa. Watu wakatoka. King'ora cha kutokea hakikulizwa, na vivuli, ambavyo siku zote vilikuwa na adabu kuliko wenyewe, vikabaki.

Nguma akapiga mbinja kuigiza king'ora. Nyamvula akatafuta sauti ya king'ora kwenye simu, akaifungulia mpaka njiwa wakaruka. Vivuli vikatikisa mabega kwa kicheko, vikainamia kazi tena. Ufunguo wa king'ora alikuwa nao mwenye kiwanda, kwa hiyo Nguma akampigia simu, akamweleza habari ya vivuli na picha, wote wakisikiliza.

"Vinafanya kazi?" aliuliza mwenye kiwanda.

"Vinafanya, bosi."

"Vinakula?"

"Havili."

"Sasa nani analalamika?"

"Mimi," alisema Pascalia. "Nakitaka kivuli changu."

"Mama, kiko ndani ya jengo langu." Akakohoa, kisha akauliza kwa upole kama angeweza kutumiwa hizo picha.

Nyamvula alikataa katakata. Haikusaidia. Juma lililofuata alikuja mpiga picha mwingine, na bango likatundikwa getini: GHALA LA KUKODISHA. LINA KIVULI MCHANA KUTWA.

Wapangaji wakafika na katoni zao, wakasifu ubaridi wa jengo. Vivuli vikabanana upande mmoja kuwapisha. Nyamvula alirudi mara kadhaa kumwomba mwenye kiwanda ule ufunguo, na kila mara aliambiwa angoje, ataitwa.

Siku hizi Pascalia huenda Changamwe Jumapili akitoka kanisani, mkeka kwapani, na Nguma humfungulia. Huutandika pale jua linapopenya paa. Kivuli chake hujivuta kutoka ukutani, kikanyooka sakafuni mpaka kikamfunika, mikono ikiendelea kushona.

"Pumzika nawe kidogo," hukiambia.

Kivuli hutikisa kichwa.

Basi Pascalia huvua viatu, akalala kwa niaba ya wote wawili.