Kalki Alivyokamatwa Dzaleka

Lukman alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na zahanati ya kambi ya wakimbizi haikuwa na dawa yake: akisikia jambo saa nne asubuhi, ikifika saa nane lazima awe amewasimulia watu watatu, na kila mmoja amelipata likiwa limenenepa zaidi. Mjomba wake alisema mdomo wa kijana huyo ungekuwa baisikeli, ungekuwa umeshafika kwao Kindu na kurudi bila kuguswa breki.

Siku za kazi alibeba majora ya vitambaa katika duka la Bwana Harshad, Lilongwe, upande wa mji wa zamani. Jumamosi mchana alipanda matola, zile pikapu zinazopakia watu juu ya magunia, akarudi Dzaleka kambini. Bwana Harshad alikuwa Mhindu mzaliwa wa Tanga. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi, na kila Lukman alipotamka "bantu" badala ya "watu" mzee alifumba macho kama mtu aliyetafuna mchanga.

Jumamosi hiyo ya Desemba 1996 ilikuwa imefika kalenda mpya kutoka India. Mzee aliitundika juu ya mashine ya kushonea, akarudi nyuma hatua mbili, akaunganisha viganja, akainamisha kichwa. Lukman akachungulia. Mtu juu ya farasi mweupe, upanga hewani unawaka kama mkia wa kimondo, na chini ya kwato watu wamelaliana kama majora yaliyoanguka.

"Huyu ni nani, Bwana? Mbona ana hasira hivi?"

"Huyu ni Kalki. Bado hajaja."

"Hajaja na tayari wamempiga picha?"

"Wewe mtoto, nyamaza usikie." Mzee akavua miwani. "Dunia ina zama nne. Ya kwanza watu walikuwa wakweli, halafu zikawa zinaharibika moja baada ya nyingine. Hii yetu ndiyo ya mwisho na ndiyo mbaya kuliko zote. Inaitwa Kali."

"Kali kama pilipili?"

"Si kali hiyo! Kali ni jina. Zama za ugomvi. Wafalme wanawaibia raia wao, mtoto anampiga baba, watu wanakimbilia misituni na milimani wale majani na mizizi. Ndivyo vitabu vyetu vinavyosema."

Lukman aliwatazama tena wale watu walio chini ya kwato. Mwaka uliopita, akikimbia kwao, alikuwa amekula mizizi siku tisa, kati ya Kindu na ziwa.

"Sasa huyu wa farasi?"

"Mambo yakifika mwisho kabisa, mungu wetu Vishnu atazaliwa mara ya kumi, awe huyu. Atapanda farasi mweupe, atawamaliza waovu wote kwa upanga huo, na watakaosalia mioyo yao itakuwa safi kama kioo. Hapo dunia inaanza upya."

"Atakuja lini? Niambie, nikanunue mahindi mapema."

Mzee alihesabu kwa vidole, kisha akaviacha vidole kwa kuwa havikutosha. "Imebaki miaka laki nne na elfu ishirini na saba. Takriban."

Lukman alicheka mpaka akakalia jora. Lakini ndani ya matola, wakati Lilongwe inabaki nyuma na upepo unampiga usoni, alianza kulipanga lile simulizi namna atakavyolitoa. Farasi aliingia. Upanga ukaingia. Mizizi pia. Ile hesabu ya miaka akaitupa barabarani, maana nani atakaa kusikiliza habari ya mtu anayefika baada ya miaka laki nne?

Alimkuta Sibomana pale pale pa kila siku, karibu na pampu ya maji. Sibomana alikuwa Mnyarwanda wa makamo, mtu wa maneno machache. Baisikeli yake aliipaka rangi nyeupe iliyobaki zahanati ilipopakwa chokaa. Aliisimamisha kwenye stendi, akakaa juu, akapiga pedeli, na gurudumu likazungusha jiwe la kunolea. Mvua zilikuwa zimeanza, kila nyumba inataka kulima, kwa hiyo mbele yake lilitandikwa gunia na juu yake mapanga kumi na manne yamepangwa kama samaki sokoni. Na mwenyewe alikuwa akiita wateja kwa ile sauti yake iliyobana maneno:

"Kali kisu! Kali kisu! Kali-ki-su!"

Lukman alisimama ghafla. Kalki. Kalki-su. Jamani, zawadi kama hii mtu anaiachaje?

"Eeeh bantu! Mukuje musikie!" Akapanda juu ya tofali. Watu wa foleni ya maji wakageuka, wanacheka kabla hajasema lolote, maana walimjua. "Leo mutajuwa hii dunia inaisha namna gani. Bahindi iko nayo yote mu kitabu!"

Akawapa. Akawapa wafalme wezi na watu wanaokula mizizi. ("Njo sisi hao!" mtu akapiga kelele.) Akawapa yule mpanda farasi mweupe na upanga unaowaka, anayefyeka waovu kushoto na kulia kama mtu anayesafisha shamba, zinabaki roho safi peke yake. Kisha akanyoosha kidole kwa Sibomana.

"Na jina yake ni Kalki. Mutege masikio. Farasi mweupe, ile pale. Mapanga, yale pale. Na jina anajiita yeye mwenyewe!"

"Kali kisu!" Sibomana akaita, hana habari.

Foleni nzima ikaanguka kwa kicheko. Mama mmoja aliacha ndoo ikafurika. Sibomana naye akatabasamu, asijue anachekewa nini, akaendelea kupiga pedeli huku panga likitoa cheche.

Mtu mmoja hakucheka. Vénérande, mjane wa Kinyarwanda, alikuwa mwisho wa foleni na dumu lake la njano. Mwaka tisini na nne, wakati wa mauaji kwao, alikaa wiki tatu kwenye matete ya bonde, maji shingoni, akisikiliza sauti hiyo hiyo ya chuma juu ya jiwe kutoka ng'ambo. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Na hao babaya, anabajua namna gani?"

Hapa ndipo Lukman angeweza kushuka kwenye tofali. Alikuwa ameshachekwa vya kutosha. Lakini swali lilikuja limeiva, na mdomo haukumsubiri.

"Eko na liste, mama! Majina yote imeandikwa."

Liste. Neno hilo, orodha kwa Kifaransa, kwa Lukman lilikuwa la shuleni, la mwalimu kuita waliopo na wasiopo. Kwa Vénérande lilikuwa la mtu anayesimama mlangoni na karatasi, nyuma yake vijana ishirini wenye mapanga. Dumu lilimponyoka. Alipiga kelele moja iliyowafanya hata watoto wa mbali wakae chini.

"Baanza tena! Baanza tena! Mumuone mufukoni!"

Na mfukoni mwa shati la Sibomana, kila mtu akaiona, karatasi ilikuwa inachungulia.

Djuma ndiye aliyefika wa kwanza. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Kindu, mkubwa wa mwili, hajamaliza mwezi kambini. Alikuwa Uvira na wadogo zake wawili vita vilipoingia, na barabarani aliwazika wote wawili kwa mikono mitupu. Tangu hapo alikuwa akitafuta mtu wa kumpiga, na hakuwa amempata. Alichomoa ile karatasi, akaifungua.

"Léoncie," akasoma. "Apollinaire. Tuyizere. Mama Sumaya." Macho yakasimama. "Djuma. Jina yangu iko hapa. Jina yangu!"

"Ni ya mapanga," Sibomana alisema akishuka. "Ni ya benyewe..."

Ngumi ilimkuta katikati ya neno. Alianguka pamoja na baisikeli, mguu umenaswa kwenye mnyororo, na jiwe la kunolea likaendelea kuzunguka hewani. Kabla hajajinasua wakawa juu yake. Mtu alileta mpini wa jembe, mwingine nusu tofali. Watu walewale waliokuwa wakicheka sasa hivi, meno yamebaki nje vilevile, ila sasa yalikuwa ya kazi nyingine. Lukman alisikia mbavu zikivunjika, sauti kama ya muwa.

Yeye bado alikuwa juu ya tofali lake.

"Muache!" akapiga kelele hatimaye. "Ni muchezo! Mi nilikuwa nacheka! Na tena yule hakuyi leo, imebaki myaka laki nne!"

"Laki nne ya nini?" mtu akamsukuma. "Unahesabu nini, we mujinga?"

"Laki nne na elfu makumi mbili na saba!" Lukman alilia, na hapo ndipo alipojisikia, akajua kwamba hakuna ukweli duniani uliowahi kusemwa ukiwa mpumbavu namna hiyo.

Djuma alikuwa ameokota panga kwenye gunia. Sibomana aliliona linapanda, akainua mkono kukinga kichwa. Panga alilinoa mwenyewe dakika kumi zilizopita, na kazi yake ilikuwa nzuri: vidole viwili vilitoka bila kubishana, vikaanguka kwenye matope ya pampu. Lukman aliruka. Hakuruka kishujaa, aliruka kama gunia linalotupwa, akamwangukia Sibomana tumboni, na pigo la pili lililokuwa linashuka likamchana bega hadi mfupa.

Ndipo bunduki ikalia.

Umati mzima ulilala chini mara moja. Watu waliopita vitani hawahitaji kufundishwa hilo. Askari wawili wa zamu walishuka kwenye Land Rover yao. Mwenye bunduki aliangalia damu, akaangalia mapanga kumi na manne, uso ukambadilika rangi. Mwenzake akafungua daftari.

"Wayamba ndani?" Nani ameanza?

Kila aliyelala pale alijibu neno moja. "Kalki."

"Kalki," askari akaandika pole pole. "Kalki ali kuti?" Yuko wapi?

Vidole vikanyooshwa vyote, kutoka chini, kuelekea kwa Sibomana. Ndiye huyu. Mapanga ni yake, orodha ya watu wa kuua ni yake. Vénérande naye alinyoosha, mkono mwingine ameziba sikio.

Askari alitoa pingu. Lukman alitazama mkono uliokuwa ukingoja kufungwa, unatoa damu kama bomba lililoharibika kizibo. Gari lilikuwa moja. Mtuhumiwa angepelekwa mahabusu, ndiyo kazi ya gari, na kutoka kituoni hadi hospitali ya Lilongwe ni njia nyingine kabisa. Sibomana angekwisha kabla hawajamaliza kuuliza jina la baba yake. Na kama kwa bahati asingekwisha, angerudi kambini kwa watu hawa hawa, bado akiwa Kalki.

Yatosha mtu mmoja aseme. Na mtu huyo akisema, anajua watakachomfanya.

"Kalki ni mimi," Lukman alisema.

Akasema tena kwa Kichewa chake kibovu, askari amwelewe, kisha akawageukia watu wake.

"Ile jina nilitoa Lilongwe, kwa Muhindi. Mi njo nililileta, mi njo nilisema liste. Huyu ananoa tu! Djuma, kaka, ile karatasi ni ya benye mapanga, Sibomana asiyachanganye. Pengine muke yako njo alileta yako. Iangalie. Ile ya mupini ya waya mwekundu. Iko mu mukono yako."

Djuma aliangalia. Waya mwekundu aliuzungusha mwenyewe, wiki iliyopita, mbele ya mlango wake, Lukman akimtazama, na sasa umelowa. Léoncie aliinuka polepole, akalitambua la kwake kwenye gunia. Apollinaire akalitambua la kwake. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Vénérande aliketi kwenye matope yenye maji ya dumu lake, akaziba masikio yote mawili, ingawa jiwe lilikuwa limeshasimama.

Lukman alidhani Djuma atalia. Uso ulianza vile. Lakini mtu aliyekata vidole vya asiye na kosa anahitaji mwenye kosa upesi sana, na yupo mmoja, amejitaja mwenyewe. Djuma aliliachia panga, akaokota mpini wa jembe, na kabla askari hajainua bunduki akauzungusha kwa mikono miwili. Ulimpata Lukman tayani. Meno matatu yalitangulia, mwenyewe akafuata.

Alipopata fahamu walikuwa barabarani. Askari mwenye daftari alikuwa ameamua mwenyewe: hospitali kwanza, kituo baadaye, kwa kuwa Kalki na mtu aliyemponza wote wawili walikuwa wanachafua gari. Djuma alikuwa amebaki nyuma na yule mwenye bunduki, mikono imefungwa. Lukman alifungwa pingu kwenye chuma cha kiti. Kichwa cha Sibomana kilikuwa kwenye mapaja yake, mkono umeviringishwa kwenye kanga ya mtu, na kanga ilikuwa haina rangi yake tena. Alikuwa anapumua, kwa taabu, kwa mlio, lakini anapumua, na jicho moja lililoweza kufunguka lilikuwa wazi.

"Ni wewe Kaliki?" Sibomana aliuliza kwa lafudhi yake ya Kinyarwanda.

Lukman alitikisa kichwa kukubali. Akataka kumwambia kila kitu: kalenda, mzee, vile watu walivyocheka, pole, pole sana kaka. Maneno yote yalisukumana mlangoni kwa pamoja, yakatoka damu na mate na sauti kama ya mbuzi.

"Funga mudomo," Sibomana alisema.

Lukman alitaka kutii. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitaka kwa moyo wake wote kutii. Lakini taya lilikuwa limetoka mahali pake, na mdomo ukabaki wazi, wazi kabisa, mpaka Lilongwe.